Banda la Mbuzi Lililoota Ghorofa

Siku uvumi ulipomfikia, Kadidja alikuwa anabadilisha zipu ya sketi ya shule barazani kwake, mtaa wa Waswahili, Gitega, na sindano ilikuwa imeshavunjika mara mbili tangu asubuhi. Mwenye sketi alikuwa amejifunga kanga kiunoni akisubiri, na kwa kuwa mtu anayesubiri lazima aseme kitu, akasema kwamba kule Muyinga kuna bwana mmoja ana banda la mbuzi lililoota ghorofa. Ijumaa lilikuwa banda. Jumatatu lilikuwa na ngazi.

Kadidja akauliza mbuzi wenyewe wamewekwa wapi.

“Wako saluni, kwenye makochi ya wageni,” binti akasema, akavaa sketi yake akaenda shule.

Wengine waliosikia habari hiyo walicheka, wakaendelea kupepeta mchele wao. Kadidja uvumi huo ulimganda kama kupe kwenye sikio la mbwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Raissa, na mama wa mtoto mmoja huogopa kwa niaba ya wote ambao hakuwazaa. Tena alikuwa mshonaji kwa miaka ishirini na miwili. Shule alikuwa ameishia darasa la sita, lakini jambo moja alilijua kuliko waliomaliza: kitambaa hakizai. Ukiona gauni la mtu limerefuka bila kiraka, kuna mahali gauni la mtu mwingine limekatwa.

Akampigia simu mdogo wake Salima, aliyeolewa Muyinga na kuuza vitenge sokoni.

“Ni kweli, dada,” Salima akasema. “Ile banda ya Matata, yule wa kuuza sementi. Iko na balkoni sasa.”

“Na vyumba vimetoka wapi?”

“Aa, we unauliza kama polisi. Eksperi alipita, akaandika, banda ikaota. Voilà.”

Eksperi huyo aliitwa Esdras, na kazi yake ilikuwa kuthamini nyumba. Barabara itokayo Gitega kupita Karuzi mpaka Muyinga ilikuwa ipanuliwe, na kamati ya fidia ilikuwa imemtuma kupita kila nyumba iliyo kando yake, aandike ina vyumba vingapi, imejengwa kwa nini, ina miti gani, ili watakaobomolewa wapate pa kwenda. Alikuwa ameanzia Muyinga. Sasa alikuwa anashuka kuelekea Gitega, na habari zilikuwa zinamtangulia kama vumbi linavyotangulia ng'ombe.

Nyumba ya Kadidja ilikuwa hatua kumi na nne kutoka barabarani. Marehemu mumewe, Radjabu, aliijenga kwa miaka saba, kila mwaka ukuta mmoja, na aliyeijenga kwa mikono ni fundi Mushagalusa, mtu wa Kivu, ambaye alifyatua matofali mwenyewe na kuyachoma mwenyewe. Fundi huyo hakuwa mtu wa kuandika, kwa hiyo kila tofali la kumi alilibonyeza kwa kidole gumba likiwa bado bichi, ndiyo hesabu yake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, baraza, jiko la nje, choo cha saruji, paa la vigae, na miti minane ya maparachichi nyuma. Chumba cha Raissa kilikuwa mita tatu na santimita arobaini kwa mita tatu na kumi. Kadidja alijua, kwa sababu alikipima alipokuwa anashona mapazia, akaandika kwenye daftari la wateja, kati ya bibi harusi mmoja na imamu.

Siku ya kupita Esdras, Kadidja alifagia vyumba vyote, akafungua milango yote ili mgeni aone mpaka mwisho, akaning'iniza tepu yake ya kushonea shingoni ili amsaidie kushika upande wa pili. Aliwaza kwamba mtu anayepima huhitaji mtu wa kushika upande wa pili.

Esdras alikuja na pikipiki. Hakuizima. Hakuvua helmeti. Alisimama getini, ubao wa kuandikia juu ya tangi la mafuta, kalamu ya risasi mkononi.

“Karibu, karibu kwenye kibanda chetu,” Kadidja akasema.

Ndivyo watu wanavyosema. Hata mwenye nyumba ya vigae na geti la chuma husema hivyo. Anayeisifu nyumba yake mbele ya mgeni anaita hasadi kwa jina lake. Ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu, watoto hawahesabiwi mbele za watu, na nyumba huitwa kibanda, halafu mgeni hujibu, “Kibanda gani hiki, mama, hili si kasri?” na wote hucheka, na chai huletwa. Mgeni ana sehemu yake ya kusema.

Esdras hakusema sehemu yake. Aliandika: kibanda.

Akauliza wanaishi wangapi humo. Kadidja akajibu kama alivyofundishwa na mama yake, kwamba yeye yupo na Mungu yupo. Esdras akaandika: mmoja. Akauliza maparachichi. Kadidja akasema kuna machache tu ya kuonja. Kutoka pale getini matawi ya yote manane yalionekana juu ya vigae, na Esdras macho alikuwa nayo. Akaandika: mti mmoja, mdogo.

“Hutaingia upime?” Kadidja akamwuliza, akainua tepu.

“Mi napima na macho, mama. Miaka kumi sasa.” Halafu akaitazama pikipiki yake kwa huruma. “Hii moto inakunywa mafuta, we hujui.”

Kadidja akaihurumia pikipiki. Akaingia ndani akamletea mandazi matano kwenye karatasi.

Esdras aliyapokea, akayatazama kwa muda, akageuza ukurasa. Akamwonyesha chini kabisa mahali pa kusaini. Juu ya mstari ule karatasi ilikuwa nyeupe kama sanda. “Hapa juu nitajaza nikifika ofisini,” akasema. “Jua ni kali.”

Kadidja alilikumbuka banda la Matata. Lakini pikipiki ilikuwa inanguruma, na katika mtaa ule mtu akikataa kusaini karatasi ya serikali huulizwa anaficha nini, halafu huulizwa tena na mtu mwingine. Akasaini jina lake lote, kwa mwandiko mzuri wa darasa la sita.

Kwa jirani yake Paskazia, Esdras alizima pikipiki, akavua helmeti, akala kuku, akakaa saa nzima.

Alhamisi iliyofuata, saa nne kasoro dakika chache, wakati ofisi zimeshafunguliwa na mihuri imeshalowanishwa wino, Kadidja alikuwa anashona kola ya shati. Cherehani ikasogea. Akaivuta, ikasogea tena, kwa sababu baraza ilikuwa inaingia chini ya nyumba kama ulimi unavyoingia mdomoni. Vigae vikageuka mabati. Ukuta nyuma yake, uliokuwa mwekundu, ukawa wa kahawia, na aliponyoosha mkono akakuta ni rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, yale yanayoyeyuka mvua ikipiga. Jiko la nje lilikuwa halipo. Sufuria ya maharage ilibaki chini penye majani, bado inatokota. Maparachichi saba yalikuwa hayapo, na la nane lilikuwa limerudi kuwa mche wa kufika gotini.

Milango ilibaki yote sita, imesimama uani yenyewe, kwa sababu kwenye sehemu ya milango Esdras alinakili hesabu ya nyumba nyingine kwa uvivu.

Kadidja hakuwa na haja na hayo yote. Aliufungua mlango wa bluu, mlango wa chumba cha Raissa. Nyuma yake palikuwa na migomba ya jirani. Raissa alikuwa ameingia chumbani saa mbili asubuhi kusoma kemia. Ilikuwa imebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa serikali.

Aliufunga, akaufungua tena. Migomba.

Akakaa chini kando ya sufuria. Paskazia alikuja mpakani, mikono kiunoni, nyuma yake choo chake kikiwa kimejaa marumaru mpaka darini.

“Pole, jirani,” Paskazia akasema. “We ulimpa mandazi.”

Kilichokuwa kinamsumbua Kadidja kilikuwa kimoja, na kilikuwa hakina marumaru.

Simu ililia saa tano na robo.

“Mama, usishtuke,” Raissa akasema. “Mi niko Muyinga.”

“Umekula?”

“Bado. Chumba iko, kitanda iko, kitabu ya kemia iko. Ila dirishani naona soko, na chini kuna mbuzi wanalia. Mama mdogo Salima amenipungia mkono kutoka kwenye vitenge vyake.”

Kadidja akamwambia azibe penye mlango kwa meza, asile kitu cha mtu asiyemjua, na asikanyage balkoni, kwa sababu balkoni iliyoandikwa na Esdras haijulikani inashikiliwa na nini.

Jumamosi Raissa alirudi kwa gari la abiria, na mfuko wa nguo. Hapo ndipo walipojua sehemu ya ripoti iliyobaki. Raissa alipokanyaga ndani, Kadidja alijikuta amesimama nje, mwiko mkononi. Kadidja alipoingia, Raissa akawa nje. Walijaribu kinyumenyume, wakajaribu kwa kupitia dirisha. Mara ya mwisho waliingia wakiwa wameshikana mikono, na nyumba ikawatoa wote wawili, maana iliandikiwa mmoja na haikujua ni yupi.

Walikula chakula uani, kati ya ile milango. Jioni haijafika Raissa akapanda gari kurudi Muyinga, kwa kuwa mtihani haungoji, na kitanda chake kilikuwa huko.

Jumatatu Kadidja alikwenda ofisi ya fidia kulalamika. Alimchukua fundi Mushagalusa awe shahidi. Alibeba daftari la wateja, na mfukoni alibeba kipande cha tofali la kuchoma kilichobaki kwenye njia ya maji, chenye alama ya kidole gumba. Karani aliwakaribisha kwa adabu, akawapa viti, akaitoa ripoti kwenye faili.

“Ripoti inasema chumba kimoja, mama,” karani akasema. “Nyumba yako iko na vyumba vingapi?”

“Kimoja.”

“Ya matofali gani?”

“Ya rukarakara.”

“Parachichi?”

“Moja. Ndogo.”

“Enfin, kosa iko wapi?”

Kadidja akaeleza tangu mwanzo: mtu hakushuka kwenye pikipiki, hakupima, aliandika kwa kalamu ya risasi, alimsainisha karatasi tupu. Karani aliandika kila neno. Mushagalusa akasema, “Mi nilijenga pale vyumba tatu. Mi nasahau majina ya watoto yangu, lakini tofali siwezi sahau.” Karani akamwomba karatasi yake ya ukimbizi, akaisoma pande zote mbili, polepole kuliko alivyosoma ripoti, akasema kwamba shahidi wa jengo ambalo halipo hana anachoshuhudia. Lakini malalamiko ni haki ya raia, kwa hiyo watatuma watu wa kuhakiki.

Watu wa kuhakiki walikuja watatu, siku ya tatu. Hawa walishuka kwenye gari. Walivua viatu. Walikuwa na kifaa chenye taa nyekundu kinachopima mpaka milimita, na walikipima kile chumba urefu, upana na kimo, wakarudia. Mita mbili na kumi kwa mita mbili na kumi, kama ilivyoandikwa. Walitazamana kwa heshima. Mkubwa wao akamwambia Kadidja kwamba kwa kawaida ripoti na nyumba hupishana kidogo, hapa santimita tano, pale saba, lakini kazi safi kama hii hawajawahi kuiona. Wiki ile Esdras alipewa cheti cha usahihi. Picha yake ikatundikwa ukutani ofisini, akiwa bado na helmeti.

Kadidja alikuwa na nakala yake ya ripoti. Asubuhi moja alichonga penseli ya kuchorea mishono, akafuta “kimoja”, akaandika “vitatu”. Nyumba ikatikisika kidogo, kama mtu anayetaka kuamka, mabati yakalia. Halafu ikakumbuka kwamba hakuna muhuri, ikalala.

Kulikuwa pia na namba ya simu ya bure ya kuripoti udanganyifu, iliyobandikwa kwenye nguzo. Aliipiga. Sauti iliyopokea ilikuwa na adabu nyingi. Iliuliza jina lake, mtaa, jina la anayelalamikiwa, na nyuma ya sauti hiyo pikipiki ilikuwa inanguruma. Kadidja akasikia kalamu ya risasi ikikwaruza karatasi.

“Asante, mama,” Esdras akasema. “Nimeandika yote.”

Kadidja akaifunga cherehani kwenye shuka, akapanda gari kwenda Muyinga.

Banda la Matata alilitambua kabla hajaonyeshwa. Lilikuwa na vyumba kumi na viwili, na hakuna viwili vilivyofanana: kimoja vigae, kingine mabati, kingine nyasi, rangi ya kijani imeungana na ya waridi bila hata mstari katikati, kama nguo ya mtu aliyeokota vipande vya mafundi cherehani wote wa mji. Chini mbele yalijipanga maparachichi saba ya Kadidja, moja bado na kamba yake ya kuanikia nguo. Jiko lake la nje lilikuwa ubavuni, karibu na tangi la maji la mtu wa Karuzi. Kwenye chumba cha mwisho mzee mmoja wa Buraza alikuwa amekaa kwenye saluni yake mwenyewe, kofia magotini. Mama mmoja wa Bukirasazi alikuwa anachambua maharage kwenye jiko ambalo, alisema, alizalia humo watoto wawili. Wote walimsalimia Kadidja kwa utulivu na kumwonyesha ngazi.

Chumba cha Raissa kilikuwa juu. Raissa alikuwa mezani na kitabu chake. Kadidja alimkumbatia, akamgusa paji la uso kama ana homa, kisha akaitoa tepu. Raissa alishika upande wa pili. Mita tatu na arobaini. Mita tatu na kumi. Chini ya dirisha, tofali la kumi, tofali la ishirini, tofali la thelathini, kidole gumba cha Mushagalusa. Kwenye fremu mistari ya urefu wa Raissa ilikuwepo yote, tangu alipokuwa na miaka mitatu, kwa mwandiko wa Radjabu.

Matata alikuwa mtu mpole, mwenye unga wa sementi kwenye nyusi. Alimkaribisha Kadidja soda, wakakaa na mbuzi.

“Mi siko mwizi, mama,” akasema. “Mi nilikuwa na banda ya mbuzi. Niliamka nikakuta ngazi, na vyumba vinaendelea kuja. We ungefanya nini?”

“Ningeuliza ni ya nani.”

“Niliuliza. Waliniambia ni yangu, iko na muhuri.”

Alikiri kwamba alimpa Esdras mifuko ishirini ya sementi, lakini hiyo ilikuwa kwa urafiki, na urafiki hauna uhusiano na banda. Kisha, kwa upole uleule, akamwambia kwamba ilibidi Raissa aanze kulipa kodi. Chumba kimo kwenye ripoti yake. Anayelala kwenye chumba cha mtu ni mpangaji, hata kama kitanda ni chake. Mzee wa Buraza analipa. Mama wa Bukirasazi analipa. Hakutaka kumpendelea mtoto wa mtu mbele ya wengine.

Kadidja akaenda ofisi ya fidia ya Muyinga. Huko karani alikuwa mwanamke, na alisikiliza kwa moyo. Alipoona daftari la wateja, na mstari wa mapazia, vipimo na tarehe ya miaka minne iliyopita, alilivuta karibu. Alisema hii ni hati nzuri kuliko nyingi alizonazo kabatini. Kadidja akaona muhuri uko pale mezani, umelowa. Hakuomba hela, hakuomba Esdras afungwe. Aliomba muhuri ule ugonge mstari mmoja tu wa daftari lake.

“Gonga hapa tu, dada yangu,” akasema. “Nyumba itajua.”

Karani aliutazama mlango, akautazama muhuri. Akauinua. Kadidja alihisi, mbali, mlango wa bluu ukigeuka kidogo kwenye bawaba zake kule Gitega. Halafu karani akaurudisha mahali pake, akachukua muhuri mwingine mdogo kutoka kwenye droo, akaugonga kwenye jalada. Ulisema: IMEPOKELEWA. Daftari likapokelewa. Likawekwa kabatini, na vipimo vya bibi harusi, na vya imamu, na vya sketi za shule nzima, na hadi leo limepokelewa.

Barabara ilipoanza kupanuliwa, Kadidja alilipwa fidia ya kibanda kimoja cha rukarakara chenye mche wa parachichi. Ilitosha marobota mawili ya vitenge. Katapila liliimaliza ile nyumba kwa muda wa kumenya ndizi moja, ila milango sita iliwapa kazi, na ule wa bluu mpaka leo umesimama kando ya lami, na madereva wameuzoea. Paskazia alilipwa fidia ya marumaru. Matata alilipwa fidia ya banda la ghorofa, lakini alipolipwa, barabara ya upande wake ilipindishwa kidogo, kwa hiyo alibaki na fidia na akabaki na banda. Esdras alipandishwa cheo. Sasa ndiye mkuu wa kitengo kinachopokea malalamiko ya watu waliothaminiwa vibaya, na anasemekana kuwa msikivu.

Kadidja alihamia Muyinga. Ripoti ya Matata inasema banda lile linakaliwa na watu ishirini na wanne, na bado hawajatimia, kwa hiyo lilimpokea vizuri, hata mlango ulifunguka kabla hajaugusa. Anaishi na Raissa kwenye chumba cha mita tatu na arobaini kwa mita tatu na kumi, chini ya mistari ya Radjabu, na kila tarehe mosi anampelekea Matata kodi yake. Raissa alifaulu kemia. Cherehani iko kwenye balkoni, ambayo haijaanguka. Mbuzi wamemzoea.

Pazia la dirishani halikuhitaji kukatwa. Lilitosha kama lilivyokuwa.

Kila anayekuja kuchukua nguo yake, Kadidja humwekea ndani ya mfuko, chini ya nguo, karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwa wino. Wengine huisoma, wengine hufungia karanga. Inasema hivi:

MAMBO YA KUEPUKA

Usisaini karatasi ambayo juu yake hapajaandikwa. Jua likiwa kali, mpe kiti kivulini ajaze hapohapo.

Usikubali kalamu ya risasi.

Usikubali nyumba ipimwe kutoka barabarani. Avue helmeti, aingie kila chumba. Shika upande wa pili wa tepu, usome mwenyewe.

Usimpe sementi wala mandazi. Akianza habari za mafuta ya pikipiki, andika jina lake, siku na saa.

Usingoje muhuri ndipo usome. Ukishagongwa, nyumba imeshasikia.

Usiende kulalamika peke yako, na usilalamike kwa mdomo tu. Kwanza uliza atakayepokea simu ni nani.

Usiwaachie daftari lako. Wape nakala.

Ukiona nyumba ya mtu imeota, usicheke. Rudi kwako uhesabu vyumba.

Usiite nyumba yako kibanda mbele ya mtu mwenye kalamu. Taja vyumba. Taja miti mmoja mmoja. Taja watoto, kwa sauti, na hasadi ije kama inataka.

Usimlaze mtoto kwenye chumba ambacho hujakiona kimeandikwa.